Msimwambie mtoto baba amesafiri

Mvulana wa miaka minane aliletwa kwetu na mama yake akiwa na faili nene kama la mzee wa kisukari. Tumbo lilikuwa likimsumbua kwa miezi saba. Alikuwa ameshapimwa choo, mkojo na damu, ameshapigwa ultrasaundi mara mbili, ameshanywa dawa za minyoo, za amiba na za vidonda vya tumbo. Majibu yote safi. Mama hakuja kwenye chumba cha ushauri kwa kuwa aliamini kuna la kuzungumza. Alikuja kwa sababu daktari wa watoto alikuwa ameishiwa vipimo vya kuandika.

Nikamuuliza maumivu yalianza lini. Akahesabu kwa vidole, akasema ni mara tu shule zilipofunguliwa Julai. Na kabla ya hapo, mwezi wa sita, nyumbani kulikuwa na nini? Akageuka kutazama mlango, maana mtoto alikuwa nje kwenye benchi, kisha akashusha sauti.

“Baba yake alifariki, daktari. Ila yeye hajui. Tulikubaliana kwenye kikao cha familia tumwambie amesafiri kikazi, yuko Mtwara.”

Hajui. Mtoto aliyepelekwa ghafla kwa shangazi katikati ya wiki, akarudi akakuta turubai linakunjwa uani, mama amejifunga kaniki, na suruali za baba hazipo tena kwenye kamba. Mtoto anayesoma shule moja na watoto wa majirani waliokula wali wa msiba huo.

Nilipokaa naye peke yake, baada ya kuchora magari matatu na nyumba moja, aliniuliza kama mimi nina siri. Nikamwambia ninazo. Akasema na yeye anayo: baba alikufa, lakini mama hajui kwamba yeye anajua. “Usimwambie, atalia.” Miezi saba alikuwa ameibeba siri hiyo tumboni. (Mama ameniruhusu kusimulia, nami nimebadilisha mambo mawili matatu ili wasitambulike.)

Najua ninachotaka kusema leo kitawaudhi baadhi ya wakubwa wa familia. Uongo huu tunaouita huruma unawaumiza watoto, na mara nyingi tunayemhurumia si mtoto, ni nafsi zetu. Sisi ndio tunaoogopa swali lake. Sisi ndio hatujui tukae wapi akilia.

Kiswahili kina maneno mengi ya kukizunguka kifo: ametutoka, ametangulia, amelala, hatunaye tena. Kwa watu wazima hiyo ni adabu nzuri. Kwa mtoto wa miaka minne ni mtego. Aliyeambiwa babu “amelala” ataanza kuogopa kufumba macho usiku. Aliyeambiwa Mungu amemchukua mama “kwa sababu alimpenda sana” anaweza kuamua kuwa mtukutu ili asipendwe kiasi hicho. Na aliyeambiwa baba “amesafiri” atasubiri. Atakimbilia kila gari linalosimama getini. Baadaye, akishajua kweli, atajiuliza ni mambo gani mengine aliyodanganywa na watu hawahawa.

Mtoto mdogo wa chini ya miaka mitano huona kifo kama jambo linaloweza kwisha, ndiyo maana atakuuliza leo, kesho na keshokutwa mama anarudi lini, hata kama jana alikuitikia vizuri. Si ukaidi. Kuanzia miaka mitano hadi saba wengi huanza kushika kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili wake haufanyi kazi tena, halili, hasikii baridi wala maumivu, na kwamba kila kiumbe hai hufa. Na katika umri huohuo wanaweza kuamini kwamba mawazo yao yana nguvu ya kusababisha mambo. Mtoto aliyemwambia baba yake “nakuchukia” aliponyimwa simu, kisha baba akafa wiki ileile, anaweza kutembea na hatia hiyo hadi utu uzima bila mtu kujua. Kama hakuna aliyemwambia baba alikufa kwa nini, atajitafutia sababu, na iliyo karibu zaidi ni yeye mwenyewe.

Kwa hiyo semeni. Asema mtu anayemwamini zaidi, mahali tulivu, kwa maneno mafupi: “Baba alikuwa mgonjwa sana wa moyo. Madaktari walijaribu kumsaidia, ikashindikana. Amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi na hatarudi. Si kosa lako, hukufanya chochote kusababisha hili. Mimi nipo, bibi yupo, tutaendelea kukutunza.” Kisha nyamazeni. Muacheni aulize. Kama nyumba yenu ni ya imani, mwambieni na yale imani yenu inayofundisha, lakini kweli ya mwili itangulie, asije akadhani mbinguni kuna basi la kurudi. Kama kifo kilikuwa cha ajali mbaya, au mtu amejiua, au ni ugonjwa ambao familia inauonea aibu, hamlazimiki kumpa kila undani siku ya kwanza. Mpeni kiasi anachoweza kubeba, lakini kisiwe kitu ambacho baadaye kitageuka kuwa uongo. Mambo haya atayasikia tu, kama si kwenu basi kwa mtoto wa jirani.

Msishangae pia akilia dakika kumi kisha akadai mpira wake. Nimemsikia mjomba mmoja akisema mbele ya mtoto, “Huyu hana uchungu na mama yake.” Watoto hawawezi kukaa ndani ya huzuni siku nzima kama sisi, huingia na kutoka. Na huzuni yao mara nyingi haiji na machozi. Inakuja kwa kukojoa kitandani upya, ugomvi shuleni, kung’ang’ania kulala na mzazi aliyebaki, au tumbo kama la kijana wetu.

Kuhusu mazishi, msimamo wangu ni kwamba mtoto anayeweza kuelewa maelezo aulizwe, aelezwe mapema atakachokiona, na akikubali kwenda awe na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni kumshika mkono tu. Asiwe mama mjane, yeye ana mzigo wake. Akikataa, asilazimishwe. Katika familia ambazo wanawake na watoto hawaendi makaburini, aagane na marehemu nyumbani kwa namna inayokubalika, na apelekwe kaburini siku nyingine ikiwa desturi yenu inaruhusu. Ninachopinga ni kumficha kwa shangazi hadi matanga yaondoke.

Baada ya hayo, nigeukie watu wazima, kwa sababu mtoto hufuata mkao wa mkubwa.

Huwa nasikia sauti za aina mbili. Ya kwanza inasema sisi Waafrika hatuhitaji ushauri wa kitaalamu kwenye misiba, tuna ndugu, tuna majirani, tuna dini. Ya pili, hii ya wenzangu kwenye semina, inataka kila mfiwa apelekewe mshauri nasaha. Nadhani zote mbili zinakosea, ingawa ya kwanza inakosea kidogo zaidi ya nusu na ya pili inakosea karibu yote.

Tuanze na hiyo ya pili. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu hali zinazotokana na msongo, na ndani yake likashauri kwamba wafiwa wasio na ugonjwa wa akili wasipewe tiba rasmi ya kisaikolojia kwa pamoja eti kwa sababu tu wamefiwa. Huzuni si ugonjwa. Wengi wetu hupata nafuu polepole tukiwa na watu, chakula, ibada na muda. Mwongozo huohuo ulisema jambo jingine ambalo ningependa libandikwe kwenye kila duka la dawa: wafiwa wasio na ugonjwa wa akili wasipewe dawa za kundi la benzodiazepini. Humo ndimo ilimo diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium. Nimeona wajane wakipewa vidonge hivyo na ndugu wenye nia njema ili “apumzike”, na siku ya mazishi ya mumewe anaketi kama mtu aliyechongwa kwa mti. Miezi miwili baadaye bado anavimeza, maana bila hivyo halali tena. Hakuaga, na sasa ana tatizo la pili.

Sauti ya kwanza ina haki kwa sehemu. Ukiutazama msiba wetu vizuri, utaona una tiba ndani yake. Watu wanalala nyumbani kwa mfiwa asiwe peke yake. Wanapika, kwa hiyo hata asiye na hamu atakula. Wanachanga rambirambi. Wanasoma wasifu wa marehemu, wanasimulia vituko vyake, na saa nane za usiku wanaume waliozunguka moto wanacheka kweli. Mjane wa Kiislamu ana eda yake ya miezi minne na siku kumi, muda ambao jamii nzima inatambua kwamba huyu yuko msibani. Wataalamu wa ng’ambo hupanga vikao na kulipisha pesa ili kupata sehemu ndogo ya haya.

Lakini turubai hukunjwa. Baada ya arobaini, au baada ya wiki moja tu kwa familia nyingi za mjini siku hizi, simu huacha kulia. Hapo ndipo mjane anaanza safari ya cheti cha kifo, kikao cha ukoo cha kumteua msimamizi wa mirathi, mahakama ya mwanzo, na wakati mwingine shemeji aliyekwishachukua friji na kadi ya pikipiki. Hakuna mshauri atakayemtibu mtu huzuni huku nyumba inauzwa. Wanasaikolojia Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa huyumba baina ya kazi mbili: siku nyingine anaielekea huzuni yenyewe, siku nyingine anaiweka kando ashughulikie maisha yaliyobadilika. Kuyumba huko ndiko afya. Mama anayecheka gengeni saa nne asubuhi na kulia saa nne usiku hana unafiki wowote. Napenda mafundisho haya kuliko zile “hatua tano” maarufu za Elisabeth Kübler-Ross. Kitabu chake cha mwaka 1969 kilitokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakabili kifo chao wenyewe. Watu wakazigeuza hatua hizo kuwa ratiba ya wafiwa, na leo napata mtu anayeniuliza mbona yeye hajafika hatua ya hasira.

Sasa wapo wachache ambao muda hauwasogezi. Mwaka umepita, miwili imepita, na kila siku ni kama simu ya hospitali imepigwa jana. Anapika chakula cha marehemu. Au kinyume chake, hawezi kupita barabara ya hospitali ile, hawezi kusikia jina lake, amehama chumba. Hafanyi kazi, hajali watoto, anaona naye alikufa siku ileile. Toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa ya WHO, lililoanza kutumika Januari 2022, linatambua hali hii kuwa ugonjwa unaojitegemea. Kipimo chake ni kwamba huzuni kali imeendelea kwa miezi isiyopungua sita, imezidi kwa wazi kile ambacho mila na dini ya mfiwa inakitarajia, na imeharibu maisha yake. Zingatieni hapo kwenye mila na dini. Mjane aliye kwenye eda si mgonjwa.

Kwa hawa ipo tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa mahususi. Daktari wa akili wa Marekani, Katherine Shear, na wenzake waliijaribu na kuchapisha matokeo mwaka 2005: karibu vikao 16, ambapo mgonjwa husimulia kwa sauti siku ya kifo, tena na tena, akiwa na mtu wa kumshikilia, hadi kumbukumbu ile ipungue makali. Anasaidiwa kurudi kidogo kidogo mahali alipopakimbia. Anaongozwa kuzungumza na marehemu kama yupo kwenye kiti cha mbele, amwambie lililobaki, na kisha apange jambo moja la maisha yake mwenyewe. Asilimia 51 ya waliopata tiba hiyo walipata nafuu ya kuonekana, dhidi ya asilimia 28 ya waliopata tiba nyingine ya mazungumzo. Si muujiza. Karibu nusu hawakufikia nafuu hiyo. Lakini ni tofauti kubwa kwa watu ambao tulikuwa tukiwaambia “jikaze” tu.

Mtaniuliza: daktari, wa kufanya vikao 16 yuko wapi huku kwetu? Swali la haki. Wanasaikolojia tiba ni wachache na wengi tuko mijini. Ndiyo maana nawakumbusha kila ninayekutana naye kuhusu kazi iliyofanyika Moshi, hapa Tanzania, na Bungoma, nchini Kenya. Watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote waligawanywa. Nusu walipata huduma za kawaida, nusu wakaingia vikundi vya wiki 12, huku walezi wao wakikutana katika vikundi vyao sambamba. Walioendesha vikundi hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa watu wa kawaida wa maeneo hayo waliofundishwa na kusimamiwa. Watoto walijifunza kutuliza mwili, kutambua wazo linalowaumiza, kusimulia kifo cha mzazi wao hatua kwa hatua na mtu mzima akiwa peke yake nao. Kisha wakazungumza wanachokikosa kwa marehemu, na hata yale wasiyoyakosa. Hili la mwisho nalipenda mno, kwa sababu si kila baba aliyekufa alikuwa mwema, na mtoto anahitaji ruhusa ya kulisema hilo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Vikao vilipokwisha, dalili za kiwewe zilikuwa zimepungua kuliko kwa waliopata huduma za kawaida katika maeneo matatu kati ya manne. Baada ya mwaka mmoja tofauti ilibaki wazi upande wa Kenya, ila upande wa Tanzania makundi yote mawili yalikuwa yamelingana. Nalisema hilo pia, maana safu hii haiuzi dawa. Ila limenithibitishia kwamba mwalimu wa madrasa, mwalimu wa Jumapili, mama wa kikoba au mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kufundishwa kazi hii akaifanya. Badala ya kusubiri kila wilaya ipate mwanasaikolojia, fedha za semina zetu zingeanzia hapo. Na kila shule ya msingi ingekuwa na mwalimu mmoja anayejua la kumwambia mtoto anayerudi darasani kutoka msibani, zaidi ya kumwomba asimame wenzake wampe pole.

Yapo pia mambo ambayo hayahitaji mafunzo. Nchini Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1990, kina mama walioishi na virusi vya Ukimwi kupitia chama chao cha NACWOLA walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ulizaliwa lini, ulipenda kula nini, ukoo wetu unatoka wapi, babu yako alikuwa mtu wa namna gani. Daftari la kaunta na picha chache vinatosha. Picha ya marehemu irudi ukutani, kama dini yenu haikatazi. Jina lake litajwe mezani. Mimi nilifiwa na mama nikiwa na miaka 12, nikaambiwa nisilie mbele ya wadogo zangu, nami nikatii vizuri mno. Miaka ilipita bila yeyote nyumbani kutamka jina lake. Hadi leo sijui alipenda rangi gani.

Yule mama na mwanawe walikuja tena baada ya wiki moja. Tulikuwa tumeyafanyia mazoezi maneno mimi na yeye, lakini alipoketi mbele ya mtoto akasahau yote, akasema tu, “Mwanangu, baba hayuko Mtwara.” Mtoto akajibu, “Najua, mama.” Wakalia wote wawili, nami nikawaacha na chumba. Niliporudi mvulana alikuwa na maswali, tena mengi: kama baba aliumia, kama alikuwa amekula siku ile, kaburi liko wapi, na nani sasa atamfundisha kuendesha baiskeli bila kushikwa. Mama akajibu aliyoyajua. Hilo la baiskeli likabaki bila jibu hadi wiki iliyofuata, alipokuja na mjomba.

Tumbo halikupona siku hiyo. Lilipungua, likarudi kidogo wakati wa mitihani, likapungua tena. Hatujaandika kipimo kingine.

Ukiwa na mtoto au ndugu wa namna hii, anzia hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, uliza kitengo cha afya ya akili au ofisi ya ustawi wa jamii. Kwa masuala ya watoto, namba 116 hupigwa bure Tanzania na Kenya. Mtu yeyote, mkubwa au mtoto, akisema anatamani kumfuata marehemu, msimwambie anakufuru. Mkalieni karibu, ondoeni sumu na dawa nyumbani, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.